Lenzi ndefu ya kupigia picha wanyama: pima miguu yako kabla ya kupima mfuko

Najua wengi mlitegemea leo tuendelee na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Tutaendelea wiki ijayo. Leo nina jambo lililoletwa ofisini kwangu na mama mmoja mfanyabiashara wa mchele pamoja na kijana wake, na nikaona nikilijibu kwa watu wawili tu nitakuwa nimewanyima wengine.

Kijana ana miaka 22. Ana kamera aina ya Canon aliyoinunua kwa mtu kwa fedha za kibarua cha kukata miwa. Anataka kazi ya kuwasindikiza wageni wanaopanda Milima ya Udzungwa na kuwauzia picha. Kilichombakia ni lenzi ndefu, ile ya kumvuta mnyama aliye mbali. Ameona moja inauzwa 1,800,000. Fedha hizo anazo mama yake, nazo ni mtaji wa kununulia mpunga msimu ujao.

Mama akaniambia, "Bibi shamba, wewe mwanangu una kamera na milima unaipanda. Huyu mdogo wako ananiambia bila lenzi hii hakuna kazi. Nimpe au nisimpe?"

Swali hilo lilinigusa kuliko alivyojua yule mama, kwa sababu kosa ambalo kijana alikuwa anakwenda kulifanya mimi nimeshalifanya, tena kwa mkopo.

Kosa langu la kwanza: nilinunua uzito

Kwa wasiotoka huku kwetu, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Haitembelewi kwa gari kama Mikumi au Serengeti. Ukifika geti la Mang'ula unashuka na kutembea kwa miguu. Kwenda kutazama maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170, ni kupanda mlima, jasho linatoka. Kilele cha Mwanihana kimezidi mita 2,000 na watu hulala njiani.

Miaka minne iliyopita nilikopa kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, nikanunua lenzi iliyotumika ya milimita 150 hadi 600. Muuzaji alisema ukiwa na hii hakuna mnyama atakayekushinda, na kwa upande wa kuvuta hakunidanganya. Ila hakuniambia kitu kuhusu mabega. Lenzi za aina hiyo zina uzito wa karibu kilo 2. Ongeza kamera yenyewe, maji, koti la mvua na chakula.

Safari ya kwanza nilifika Sanje shingo ikiniuma. Safari ya pili niliitia ndani ya begi chini kabisa, na kila mnyama alipotokea, hadi niitoe ameshaondoka. Safari ya tatu niliiacha nyumbani. Siku hiyo hiyo kundi la ngolaga lilishuka chini likapita mbele yetu taratibu likipekua majani makavu, kama kuku wanaotafuta mchwa. Ngolaga ni nyani wa kijivu ambao makazi yao ni misitu ya Udzungwa tu, na wanasayansi walikuja kuwafahamu mwaka 1979, ingawa wenyeji walikuwa na jina lao. Nilisimama mikono mitupu. Mkopo wangu ulikuwa kabatini umefunikwa kanga.

Wewe mkulima jambo hili unalijua kwa sura nyingine. Unakumbuka tulivyoongea kuhusu bomba la kupulizia dawa la mgongoni? Nilikwambia bomba la lita 20 lina faida kwa kuwa hurudi mtoni mara kwa mara, lakini kama mgongo wako hauliwezi, mistari ya mwisho ya shamba utaipulizia harakaharaka au utaiacha. Wadudu watarudi kupitia mistari hiyo. Mwenye bomba la lita 16 anayemaliza shamba lote anakushinda. Lenzi ni hivyo hivyo. Ile ambayo hukuibeba haikupigii picha.

Namba zilizoandikwa kwenye lenzi

Usinunue kitu ambacho namba zake huwezi kuzisoma. Zilizo muhimu ni mbili.

Ya kwanza ni ya milimita. Hiyo inakwambia lenzi inavuta kiasi gani. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mnyama anavyosogezwa. Lakini kamera nyingi za bei ya chini zina kioo cha kupokea picha kilicho kidogo, na hicho hukata kingo za picha na kufanya mnyama aonekane mkubwa zaidi. Kwa kamera hizo za Canon unazidisha kwa 1.6, na kwa za Nikon unazidisha kwa 1.5. Kwa hiyo lenzi inayoishia milimita 250 kwenye kamera ya kijana wetu inavuta kama milimita 400. Mtu anayeuza lenzi ya bei kubwa mara nyingi hili hakwambii.

Ya pili ni ile inayoanza na herufi f. Hiyo ni tundu la kuingizia mwanga, na inasomwa kinyume: namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Lenzi ya f/4 inaingiza mwanga mara mbili ya lenzi ya f/5.6. Msituni mwanga ni mali, maana chini ya miti ya Udzungwa saa sita mchana kunaweza kuwa kama jioni. Lakini tundu kubwa linataka vioo vikubwa, na vioo vikubwa vina uzito na bei. Hapo ndipo unapochagua.

Kuna namba ya tatu ambayo haiandikwi kwenye lenzi, nayo ni kasi ya kupiga picha. Kanuni ya zamani inasema kasi isipungue moja ya urefu wa lenzi. Ukivuta kama milimita 400, piga kwa sekunde moja ya mia nne au haraka zaidi, vinginevyo mkono wako utaitikisa picha. Lenzi nyingi za siku hizi zina kituliza mtikisiko ndani yake, na kinasaidia sana ukiwa unahema baada ya kupanda. Kumbuka tu kwamba kinatuliza mkono wako; hakimtulizi mbega anayeruka. Mnyama akitembea, ongeza ISO ya kamera, hata 3200. Picha yenye chengachenga kidogo inauzika. Picha iliyotikisika haina mnunuzi.

Machaguo manne kwa mtu anayetembea

La kwanza ni lenzi nyepesi za milimita 55 hadi 250 au 70 hadi 300 zilizotengenezwa kwa kamera ndogo. Ile ya Canon ya 55 hadi 250 yenye kituliza mtikisiko, toleo la STM, ina gramu 375. Ya Nikon ya 70 hadi 300 ya AF-P DX yenye kituliza ina gramu 415. Hizi ni pungufu ya chupa ya maji ya nusu lita. Utazivaa shingoni kutwa nzima na usikumbuke kama unazo. Kwa anayeanza, hapa ndipo pa kuanzia.

La pili ni lenzi ya milimita 100 hadi 400. Ile ya Canon ya toleo la pili ina uzito wa kilo moja na nusu na zaidi. Ni kazi safi, lakini bei yake ni ya mtu ambaye picha tayari zinamlipa. Usiinunue kwa matumaini.

La tatu ni zile za 150 hadi 600, kama yangu. Zinafaa kwa mtu anayekaa mahali pamoja, au aliye ndani ya gari akiegemeza lenzi dirishani. Kwenye gari kilo 2 si kitu. Mlimani ni mzigo wa kuni.

La nne ni kamera ambazo lenzi yake haitoki, kama Nikon P900, inayovuta mara 83 na uzito wake ni gramu 899 kila kitu kikiwemo. Mchana kweupe, kwa ndege aliye juu ya mti au wanyama walio upande wa pili wa bonde, inashangaza. Lakini kioo chake cha kupokea picha ni kidogo mno, kwa hiyo ndani ya msitu mzito inachoka mapema. Anayepiga picha mbugani au kando ya mto aifikirie.

Na usidhani kila picha kubwa imetoka kwenye lenzi kubwa. Yule sange mwenye uso wa kijivu wa Udzungwa, mnyama wa takriban gramu 700, picha yake ya kwanza ilipatikana mwaka 2005 kwa kamera ndogo zilizotegwa msituni, na mwaka 2008 akatangazwa rasmi kwamba ni aina mpya. Kamera ilikuwa mahali pake kwa wakati wake, basi.

Kununua iliyotumika: tazama ukungu

Kosa langu la pili lilikuwa hili, na ninyi wafanyabiashara wa nafaka mtanicheka. Mimi ninayewafundisha kupima unyevu wa mahindi kwa chumvi kavu ndani ya chupa, nilinunua lenzi bila kutazama ndani.

Miezi michache baadaye picha zangu zikaanza kuonekana kama zimepigwa kwenye moshi. Fundi akaimulika kwa tochi akanionyesha nyuzi nyembamba zimetambaa kwenye kioo cha ndani kama utando wa buibui. Ukungu. Ulikuwepo tangu siku ya kununua, na joto na unyevu wa bonde letu vikauongezea nguvu. Ukungu wa lenzi hauna tofauti na ule unaoleta sumukuvu ghalani: ukishaingia ndani, kupangusa nje hakusaidii.

Kwa hiyo fanya hivi. Washa tochi ya simu, ipitishe upande mmoja wa lenzi na wewe uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo si tatizo. Nyuzi, madoa yenye matawi au ukungu mweupe, rudisha. Zungusha sehemu ya kuvutia kutoka mwanzo hadi mwisho: isikwame, isikwaruze kama yenye mchanga. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, si ya muuzaji, upige picha kumi za kitu cha mbali na kuzikuza. Hakikisha inaingia: ya Canon haiingii kwenye Nikon, na hata ndani ya kampuni moja kuna zisizoelewana. Lenzi za Nikon za AF-P, kwa mfano, kwenye baadhi ya kamera zao za zamani hazijilengi zenyewe.

Ukishainunua, usiifungie kwenye begi lililolowa. Ikaushe, iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ni kama unavyohifadhi mbegu.

Unachonunua hasa ni umbali

Sasa nifike kwenye lile ambalo sikumwambia mama siku ya kwanza, kwa kuwa lilinichukua muda kulisema.

Misimu miwili iliyopita tembo walishuka kwenye mashamba ya upande wetu. Kwenye mkutano wa kijiji watu waliuliza habari ya kifuta jasho, ile fedha ya serikali kwa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Nilisimama nikasema kwamba madai mengi yanakwama kwa kukosa ushahidi, na nikamaliza kwa maneno haya: "Kila tukio liwe na picha." Nikakaa. Watu wakapiga makofi.

Sikusema picha ya nini.

Wiki ya pili baadaye, alfajiri, mzee mmoja aliamka akakuta tembo dume katika mpunga wake. Alichukua simu akamfuata. Simu haikumwonyesha ila kidoa cheusi, akasogea. Bado kidoa, akasogea tena. Tembo alipogeuka na kutanua masikio, mzee alikimbia gizani akaangukia mfereji wa maji, mkono wa kulia ukavunjika mahali pawili. Tembo hakumfuata, Mungu mkubwa. Mkono ule haukuunga vizuri. Mpaka leo tukikutana njiani ananipa mkono wa kushoto, na kila mara ananiomba radhi kwa kunisalimia kwa kushoto, wakati anayepaswa kuomba radhi ni mimi.

Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya mkutano. Tembo mwenye kimo cha mita 3, ukimpiga kwa lenzi ya milimita 250 kwenye kamera ndogo ukiwa mita 100, anajaza nusu ya kimo cha picha. Ili simu ya kawaida, bila kuvuta, impate kwa ukubwa huo huo, lazima uwe mita 6 au 7 kutoka alipo. Ukivuta kwa vidole, simu nyingi zinatanua tu ile picha ndogo, kama mtu anayeongeza maji kwenye uji. Mita 7 kwa tembo ni sawa na kuwa chini ya mguu wake, na mbio za mtu hazimshindi tembo.

Ndiyo maana nasema lenzi ndefu hununui ili mnyama awe mkubwa. Unanunua zile mita 93 zilizobaki. Kwa mpiga picha mlimani mita hizo ni usalama wake na pia utulivu wa mnyama. Mnyama akianza kukutazama, kutikisa masikio au kuacha kula, umeshakaribia mno. Rudi nyuma, na msikilize mwongozaji wa hifadhi kuliko kamera yako.

Na wewe mwenye shamba usikimbilie dukani. Kwa ajili ya kifuta jasho huhitaji lenzi, na humhitaji tembo ndani ya picha. Subiri kupambazuke na wanyama waondoke. Piga kwa simu yako nyayo ukiweka kiatu kando kuonyesha ukubwa, piga kinyesi, mabua yaliyovunjwa, na shamba lote kutoka kwenye pembe zake. Toa taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji ili afisa wanyamapori na sisi wa ugani tuje kukagua. Maneno haya ndiyo niliyotakiwa kuyasema mkutanoni. Nimeshayarudia kwenye mikutano mitatu, na nitayarudia tena.

Tulivyoamua

Siku ya pili nilimpa kijana mtihani. Nilitia chupa mbili za maji za lita moja moja kwenye mfuko wenye mkanda nikamwambia auvae shingoni, aende shambani kwao na kurudi, mwendo wa saa mbili, bila kuushusha. Kila akiona ndege, auinue hadi usoni na ahesabu hadi kumi. Alirudi ameutia begani, kisha akacheka mwenyewe.

Alinunua lenzi ya 55 hadi 250 iliyotumika, kwa 380,000, baada ya kuimulika kwa tochi mbele ya muuzaji mpaka muuzaji akachoka. Kwa ushauri wangu aliulizia kwanza getini utaratibu wa kupiga picha za kuuza, maana picha za biashara zina masharti yake. Fedha iliyobaki ilirudi kwa mama, na mama ameshaanza kuizungushia mpunga. Mpaka leo kijana ameuza picha nne. Si nyingi. Lakini hana deni, na mtaji wa mama haujakatika.

Mimi ile lenzi yangu niliiuza kwa mtu wa mjini anayezunguka kwa gari. Nilimmulikia ukungu mwenyewe kabla hajauliza, akanipunja bei, nikakubali. Niliipata hasara yangu, sikutaka kumhamishia mwingine.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha ya mpunga, ya miwa au ya mbuzi kununulia lenzi, fanya ule mtihani wa chupa mbili. Haugharimu kitu. Ukirudi na chupa bado ziko shingoni, njoo tuzungumze habari za milimita 600. Ukirudi nazo begani, umeshapata jibu.

Wiki ijayo tunarudi kwa viwavijeshi. Nawatakia palizi njema.